Namna ya Kusoma Michango ya Mbunge Wako Kwenye Hansard Ukiwa Mwanza

Ubishi unaujua. Mwaloni Kirumba, dagaa wanaanikwa, mmoja anasema mbunge wetu tangu achaguliwe hajafungua mdomo. Mwingine anatoa simu na klipu ya dakika moja: mbunge huyohuyo amesimama, anapaza sauti, wenzake wanapiga meza. Wote wawili wanaweza kuwa wamekosea. Klipu haionyeshi waziri alijibu nini, na anayesema "hajafungua mdomo" mara nyingi hajasoma hata ukurasa mmoja wa taarifa ya Bunge.

Taarifa hiyo, yaani maandishi rasmi ya yanayosemwa ukumbini, ndiyo Hansard, na ni ya bure. Kinachohitajika ni simu, bando la kiasi, daftari na jioni moja au mbili kwa mwezi. Mwongozo huu unaeleza pa kuipata, namna ya kumtafuta mtu ndani yake, namna ya kupima uzito wa alichosema, na mahali ambapo wengi hupotea.

Kupata faili sahihi

Hansard za Bunge letu ziko kwenye tovuti ya Bunge, parliament.go.tz, kama faili za PDF, faili moja kwa kila kikao. Usichanganye mkutano na kikao. Mkutano ni msimu mzima wa Bunge, na kwa kawaida huwa minne kwa mwaka: wa Januari na Februari, wa bajeti unaoanza Aprili na kwisha Juni, wa Agosti au Septemba, na wa Oktoba au Novemba. Kikao ni siku moja ndani ya mkutano. Namba za mikutano huendelea kupanda miaka yote mitano ya Bunge, lakini namba za vikao huanza upya kila mkutano. Mtu akikuambia "alisema kikao cha tatu" bila kutaja mkutano, hajakuambia kitu.

Kikao kimoja huzidi kurasa mia. Pakua faili mara moja ukiwa kwenye mtandao mzuri, ihifadhi kwa jina linaloanza na tarehe (mwaka, mwezi, siku, ili zijipange zenyewe), kisha tafuta ndani yake bila bando. Kwenye kompyuta bonyeza Ctrl na F. Kwenye simu fungua kwa programu ya kusomea PDF yenye alama ya kioo cha kukuzia, kwa sababu kusoma kwa kuteremsha kidole ukurasa hadi ukurasa kutakukatisha tamaa kabla hujafika nusu.

Mpangilio haubadiliki sana. Juu kabisa kuna namba ya mkutano, ya kikao na tarehe, halafu kimabano kinachosema kikao kilianza saa tatu asubuhi. Hufuata dua, hati zilizowasilishwa mezani, kisha maswali. Baada ya hapo ndipo inakuja kazi kubwa ya siku: hotuba ya bajeti ya wizara, muswada, au taarifa za kamati. Alhamisi maswali hutanguliwa na yale ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, ambayo hayapelekwi kwa maandishi mapema. Ukishaujua mpangilio huu, namba ya ukurasa peke yake inakudokezea ni mchango wa aina gani.

Kumtafuta mtu

Anza na ubini, lakini usiishie hapo. Chukua mfano wa hapa Mwanza. Kuanzia 2015 hadi 2025 jiji hili lilikuwa na akina Mabula wawili bungeni: Stanslaus Mabula wa Nyamagana na Dkt. Angeline Mabula wa Ilemela. Ukiandika "Mabula" peke yake unapata wote wawili, pamoja na kila mbunge aliyewataja. Na jina la kwanza la yule wa Nyamagana utalikuta mara Stanslaus, mara Stanislaus. Kwa hiyo tafuta kwa ubini, kisha kwa jina la kwanza katika tahajia zote unazozifikiria, kisha kwa jina la jimbo.

Mfano huohuo una somo la pili. Angeline Mabula alikuwa naibu waziri wa ardhi, kisha waziri kamili kuanzia Januari 2022 hadi Agosti 2023. Waziri hasimami kuuliza maswali wala kumbana waziri mwenzake kuhusu barabara ya jimboni. Akizungumza, anazungumza kama Serikali. Ukihesabu maswali yake kwa miaka hiyo utapata sufuri, na sufuri hiyo haikuambii chochote kuhusu juhudi zake. Ndivyo ilivyo pia kwa Spika, Naibu Spika na wenyeviti wa Bunge wanapokaa kitini. Kabla hujahesabu, andika juu ya ukurasa wa daftari: mtu huyu alikuwa na cheo gani, kuanzia lini hadi lini.

Mtego mwingine ni herufi tatu: K.n.y. Maana yake ni kwa niaba ya. Mbunge akiwa hayupo, mwenzake husimama kumuulizia swali, na Hansard huandika jina la aliyesimama, K.n.y., kisha jina la mwenye swali. Swali la msingi ni la yule wa pili. Maswali ya nyongeza yametoka kinywani mwa yule wa kwanza. Waandishi wa habari huchanganya hapa kila mara, na ni kosa ambalo mbunge atalikanusha kwa haki kabisa.

Mwisho, ukikuta "MBUNGE FULANI" akisema neno, huyo ni mtu aliyepiga kelele akiwa amekaa na waandishi hawakumtambua. Usimpe mtu huyo jina kwa kukisia, hata kama kwenye video unaijua sauti.

Kuutafuta mkoa, si jina tu

Mambo ya Ziwa yametawanyika katika wizara nyingi, na hapa ndipo watu wa Mwanza hupoteza muda. Kivuko kinachoendeshwa na TEMESA, wakala wa vivuko wa Serikali, kama cha kwenda Ukara au Kome, utakikuta Wizara ya Ujenzi. Meli na bandari ziko Uchukuzi. Mialo, nyavu na vizimba vya kufugia samaki viko Mifugo na Uvuvi. Maji ya bomba ni Wizara ya Maji. Barabara zina wenyewe wawili: za TANROADS ziko Ujenzi, za TARURA ziko TAMISEMI. Kwa vikao vya kabla ya Agosti 2023, Ujenzi na Uchukuzi ilikuwa wizara moja, kwa hiyo kivuko na meli utavikuta katika mjadala mmoja.

Majina nayo hubadilika. Kampuni ya meli iliandikwa MSCL kwa miaka mingi, sasa ni TASHICO. Daraja la kuvukia Ghuba ya Mwanza litafute kwa Kigongo, kwa Busisi, na kwa jina la Magufuli. Lilifunguliwa Juni 19, 2025, kwa hiyo michango ya kabla ya hapo inauliza litakwisha lini. "Butimba" itakuletea chanzo cha maji, gereza na chuo cha ualimu kwa pamoja, kwa hiyo iambatanishe na neno lingine. Na kwa sababu wabunge wetu huchanganya lugha, jaribu pia neno la Kiingereza: wengine husema vizimba, wengine husema cages, na Hansard inaandika vilevile ilivyosemwa.

Maneno marefu yenye kistari wakati mwingine hukatwa mwishoni mwa mstari na kompyuta haiyaoni. Tafuta kipande kifupi: "Busisi" peke yake, si "Kigongo-Busisi".

Uzito wa kila aina ya mchango

Hapa ndipo kiini kilipo. Orodha ya idadi ya michango inamweka sawa mtu aliyesema "naunga mkono hoja" mara arobaini na mtu aliyemfanya waziri abadili kifungu cha sheria. Hawako sawa. Soma kila mchango kwa kuuliza: je, kuna mtu aliyelazimika kuujibu?

Swali la msingi limeandikwa na kupelekwa mapema, na wizara imelitafutia jibu. Uzito wake uko kwenye jibu zaidi ya swali. Swali la nyongeza huulizwa papo hapo, mawili kwa kawaida, na karibu kila mara huanza na ile sentensi tunayoijua wote: "pamoja na majibu mazuri ya Mheshimiwa Naibu Waziri..." Usidharau nyongeza. Naibu waziri amekuja na jibu la karatasi kwa swali la msingi, lakini nyongeza humtoa kwenye karatasi, na ndipo mara nyingi hutamka mwezi au kiasi cha fedha. Wabunge wengine pia huomba nyongeza kwenye swali la mwenzao, kwa hiyo swali la Ukerewe linaweza kuwa limebebwa na mbunge wa Musoma au Bukoba.

Mchango wa mjadala, ule wa kwenye bajeti ya wizara au muswada, una dakika chache. Mara nyingi ni kumi, na Spika akiwa na orodha ndefu hupunguza. Toa shukrani za mwanzo, toa pongezi kwa Rais, waziri, naibu na katibu mkuu, kisha uone kimebaki nini. Mbunge anayejua kazi huingia kwenye hoja kabla ya dakika ya pili. Hansard itakusaidia kuliona hili: kimabano kinachosema kengele ililia kuashiria kwisha kwa muda wa mzungumzaji kikitokea wakati hoja ya jimbo ndiyo kwanza inaanza, basi muda uliliwa na salamu.

Mchango wa maandishi haukusomwa na mtu. Uliwasilishwa kwa karatasi na kuingizwa kwenye taarifa rasmi, kwa hiyo hutauona kwenye video yoyote. Watu wengi husema "hakuchangia" kumbe aliandika kurasa tatu. Ni mchango halali, lakini waziri anaweza kuupita kimya. Nenda kwenye majumuisho ya waziri, yaani majibu yake ya kufunga mjadala, siku hiyo au kesho yake, utafute jina la mbunge au la jimbo. Kama halipo, mchango haukujibiwa.

Kisha kuna shilingi. Baada ya mjadala wa bajeti ya wizara, Bunge hukaa kama Kamati ya Matumizi kupitia vifungu. Kifungu 1001, chenye mshahara wa waziri, ndipo mbunge anaposema asiporidhika na maelezo atashika shilingi, yaani ataomba mshahara huo upunguzwe shilingi moja. Akiitoa kweli, wenzake husimama kuunga mkono au kumsihi, na waziri hulazimika kuahidi kitu mbele ya Bunge zima. Karibu mara zote shilingi hurudishwa. Hiyo haina maana kuwa ilikuwa maigizo. Soma sentensi ya mwisho ya waziri kabla shilingi haijarudi, kwa sababu hiyo ndiyo bei iliyolipwa. Kama ni "tutakaa na Mheshimiwa tuone", shilingi imerudi bure. Kama ni tarehe au kiasi, inakili neno kwa neno. Muda ukiisha, vifungu vilivyobaki hupitishwa kwa mkupuo, kwa hiyo usimlaumu mbunge kwa kunyamaza kwenye kifungu ambacho hakikupata kujadiliwa.

Kwenye muswada, tazama Kamati ya Bunge Zima, pale vifungu vinapopitiwa kimoja kimoja. Mbunge aliyeleta jedwali la marekebisho amefanya kazi nzito kuliko aliyehutubia dakika kumi. Hata marekebisho yakikataliwa, Mwanasheria Mkuu au waziri hulazimika kueleza kwa nini, na maelezo hayo hubaki kwenye kumbukumbu.

Bajeti kuu mwishoni mwa Juni hupigiwa kura kwa kuita majina. Hiyo ndiyo siku rahisi kuliko zote kujua kila mmoja alisema ndiyo au hapana, na nani hakuwepo.

Kulisoma jibu la Serikali

Tazama mfano huu, tumeutunga kwa lugha ya kawaida ya majibu ya bungeni:

"Mheshimiwa Spika, Serikali inatambua umuhimu wa gati hilo kwa wananchi wa visiwani. Katika mwaka wa fedha uliopita upembuzi yakinifu ulikamilika. Usanifu wa kina utafanyika katika mwaka huu wa fedha, na ujenzi utaanza kadri fedha zitakapopatikana."

Sentensi ya kwanza haina kitu, iruke. Ya pili ni jambo lililokwisha kufanyika na linaweza kuhakikiwa: kuna ripoti, kuna mshauri aliyelipwa. Ya tatu ina vipande viwili vilivyofungwa na "na" ili vionekane kimoja. Usanifu una mwaka wa fedha, kwa hiyo una tarehe ya mwisho: Juni 30. Ujenzi hauna mwaka. Mbunge akirudi jimboni na kusema "Serikali imekubali kujenga gati", amesoma nusu ya sentensi.

Panga majibu kwa ngazi, kutoka jepesi hadi zito. "Tumelipokea, tutalifanyia kazi" ni adabu tu. "Kadri fedha zitakapopatikana" ni hapana ya kistaarabu. "Litazingatiwa katika bajeti ijayo" inakupa mahali pa kutazama mwezi Aprili. "Imetengewa shilingi kadhaa" inaweza kuhakikiwa kwenye vitabu vya bajeti kwa namba ya fungu: Maji ni Fungu 49, Uvuvi Fungu 64, Ujenzi Fungu 98, na Mkoa wa Mwanza wenyewe ni Fungu 81. "Zabuni imetangazwa" itazame kwenye mfumo wa manunuzi wa NeST. "Mkandarasi yuko saiti" panda daladala ukaone.

Kutengwa, kutolewa na kutumika ni mambo matatu. Fedha inaweza kukaa kwenye kitabu mwaka mzima bila Hazina kuitoa. Njia rahisi ya kuliona hili ni taarifa ya kamati ya kisekta, ambayo husomwa mara baada ya hotuba ya waziri. Humo kamati hueleza wizara ilipokea kiasi gani kati ya kilichoidhinishwa, kwa kawaida hadi Februari au Machi. Wasomaji wengi huiruka taarifa ya kamati kwa sababu haina makofi. Kwetu sisi ndiyo kurasa za kwanza kufunguliwa.

Zoezi: seneta wa Ireland

Kabla ya kumpima mbunge wako, jipime kwa mtu usiye na upande naye. Seneti ya Ireland, Seanad Éireann, inafaa sana kwa zoezi hili. Mijadala yake iko wazi kwenye oireachtas.ie tangu 1922, na unaweza kuchagua seneta mmoja ukaletewa kila alichosema. Humjui, hukumpigia kura, humdai barabara. Macho yako yatasoma maneno tu.

Anza kwa kuuliza ameingia kwa mlango gani, kama unavyouliza kwetu kama mtu ni wa jimbo au wa Viti Maalum. Maseneta ni 60: 11 huteuliwa na Waziri Mkuu, 6 huchaguliwa na wahitimu wa vyuo vikuu, na 43 hutoka katika makundi matano ya fani, kama kilimo na kazi, wakichaguliwa na wabunge, maseneta na madiwani. Seneta hana jimbo la kuombea kisima. Ukimpima kwa kipimo cha mbunge wa Sumve utamwonea.

Kisha tenganisha sehemu za kikao. Sehemu inayoandikwa Order of Business ndiyo inayojaza idadi: maseneta husimama mmoja mmoja kutaja lolote lililowasibu wiki hiyo, na anayejibu ni Kiongozi wa Seneti, si waziri mwenye wizara. Sehemu ya Commencement Matters ni nyembamba zaidi lakini ina jibu: seneta hutaja jambo moja, na Serikali humleta waziri kulijibu, ingawa mara nyingine ni waziri mdogo anayesoma karatasi ya mwenzake. Uzito mkubwa uko kwenye hatua ya kamati ya muswada, kifungu kwa kifungu. Kumbuka pia mipaka yao: muswada wa fedha hukaa Seneti siku 21 tu na maseneta hutoa mapendekezo, hawabadilishi. Muswada mwingine wanaweza kuuchelewesha siku 90.

Sasa chukua michango miwili ya kale. Juni 11, 1925, mshairi W. B. Yeats, aliyekuwa seneta, alisimama kupinga kuwanyima watu haki ya talaka. Hakushinda. Katiba ya 1937 iliipiga marufuku talaka, na marufuku hiyo iliondolewa kwa kura ya maoni ya 1995. Mwaka 1971 Mary Robinson, aliyekuja kuwa Rais wa nchi hiyo, alijaribu kuleta muswada wa kuruhusu uzazi wa mpango na ukanyimwa hata kusomwa mara ya kwanza. Sheria ilikuja 1979. Ukitumia kipimo cha "kilipita au hakikupita" peke yake, wote wawili unawapa alama sifuri kwa mwaka husika. Weka basi kwenye daftari lako safu ya "aliyelirudia baadaye". Ni safu inayokaa tupu muda mrefu, na huo ndio ugumu wake.

Daftari

Karatasi ya Excel inatosha, hata daftari la mistari. Safu tunazotumia ni tisa: tarehe, mkutano na kikao, ukurasa, cheo cha mbunge siku hiyo, aina ya mchango, alichoomba (kwa sentensi moja), jibu (kwa kunukuu maneno yenye tarehe au fedha tu), mwaka wa fedha uliotajwa, na hali ya sasa. Safu ya kumi ni hiyo ya aliyelirudia. Usiongeze safu ya maoni yako. Ukiiweka, utajikuta unaijaza hiyo na kuziacha nyingine wazi.

Kwa kuanzia chukua jambo moja na miaka miwili ya fedha: kwa mfano maji ya Misungwi au kivuko cha Ukara. Anza na mkutano wa Aprili hadi Juni, siku za wizara husika, kisha maswali ya mikutano mingine. Ukianza na "kila alichosema tangu 2020", utaacha kabla ya kumaliza mwaka wa kwanza.

Kuhesabu kuna hila yake. Mbunge akikatizwa na mtu anayesimama kusema "taarifa", au kuomba mwongozo, au kuhusu utaratibu, Hansard huanza kuandika jina lake upya kila anaporudi. Aliyekatizwa mara nne anaonekana mara tano. Huo ni mchango mmoja. Vivyo hivyo, "taarifa siipokei" si mchango, hata kama ndiyo klipu iliyosambaa.

Mahali panapoharibika

Klipu ya WhatsApp haina tarehe. Itafute tarehe kwenye video ndefu za Bunge, kisha rudi kwenye Hansard ya siku hiyo usome kurasa tano kabla na tano baada. Ukisikia neno kwenye video na kwenye Hansard ukakuta maelezo kwamba maneno hayo siyo sehemu ya taarifa rasmi za Bunge, basi kiti kiliagiza yafutwe. Unaweza kusema yaliondolewa, lakini usiyanukuu kana kwamba yamo kwenye Hansard.

Kazi za kamati hazimo humo. Mbunge anayebana watendaji kwenye kamati ya hesabu za Serikali au za serikali za mitaa anaweza kuonekana mkimya ukumbini. Utamwona kwa kivuli tu: jina kwenye orodha ya wajumbe mwishoni mwa taarifa ya kamati.

Kosa la kawaida kuliko yote ni kugawa sifa bila kuangalia tarehe. Mradi ukitengewa fedha Juni, na swali likaulizwa Septemba, swali hilo halikuuleta mradi. Linaweza kuwa limeusukuma usikwame, na hilo ni jambo tofauti lenye ushahidi tofauti. Panga tarehe kwenye mstari mmoja kabla ya kuandika "kutokana na mchango wake".

Ukitaka kusoma matokeo redioni au kuyabandika kwenye kundi la kata, andika kwa mpangilio huu: jina na cheo, aina ya mchango, mkutano, kikao, tarehe, ukurasa, halafu jibu. Kwa mfano: swali la nyongeza, mkutano wa ngapi, kikao cha ngapi, tarehe, ukurasa wa 23, Naibu Waziri alijibu kwamba usanifu utakamilika ndani ya mwaka wa fedha. Mtumie mbunge au katibu wake ujumbe huo siku mbili kabla, ukimuuliza kama kuna mchango wa maandishi ulioukosa. Mara nyingi upo, na utajibiwa haraka kuliko ulivyotarajia.

Wiki ya kwanza ya Julai, mwaka wa fedha ukiwa umefungwa, fungua safu ya mwaka wa fedha. Kila mstari ambao Juni 30 yake imepita na safu ya hali bado iko tupu, uzungushie kalamu nyekundu. Hayo ndiyo maswali ya kumpa mbunge wako ayapeleke kwenye mkutano unaofuata, yakiwa na ukurasa na tarehe tayari.